Gianna Beretta Molla: Uamuzi Ambao Hakuna Aliyemlazimisha



Huenda mmewahi kuona picha ya mama huyu: mwanamke wa Kiitalia mwenye nywele nyeusi, anatabasamu, amempakata mtoto. Wengi wetu tunajua mwisho wa maisha yake tu, kwamba alikufa ili mtoto wake apate kuzaliwa. Lakini mwisho ukisimuliwa peke yake unaweza kutudanganya. Mume anaweza kuugeuza kuwa fimbo ya kumchapia mkewe, na mke anaweza kuuogopa, akafikiri kwamba Kanisa linamtaka kila mama afe. Kwa hiyo leo tumsimulie Gianna tangu mwanzo, ili ninyi wawili muone alichagua nini, alichagua vipi, na ni nani aliyekuwa na haki ya kuchagua.

Nyumba ya watoto kumi na watatu

Gianna Beretta alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1922 katika mji wa Magenta, karibu na Milano, kaskazini mwa Italia. Alikuwa wa kumi kati ya watoto kumi na watatu. Baadhi ya ndugu zake walifariki wakiwa bado wadogo, kwa hiyo tangu utotoni alijua kwamba nyumba yenye watoto wengi ni nyumba yenye furaha na pia yenye misiba. Wazazi wake, Alberto na Maria, walikuwa watu wa Misa ya kila siku. Waliwasomesha watoto wao, wa kike kwa wa kiume, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida kila mahali. Kutoka nyumba hiyo walitoka mapadre, madaktari, mhandisi, na mtawa aliyekwenda kufanya kazi ya udaktari India.

Mwaka 1942, wakati wa vita, Gianna alipoteza mama yake mwezi wa Aprili na baba yake mwezi wa Septemba. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini. Mwaka huohuo alianza masomo ya udaktari, akayamaliza katika Chuo Kikuu cha Pavia mwaka 1949. Mwaka 1950 alifungua zahanati katika kijiji cha Mesero, na mwaka 1952 akahitimu kuwa daktari wa watoto. Waliomjia walikuwa akina mama, watoto wachanga, wazee na maskini.

Msidhani alikuwa mtu wa kujifungia sakristiani. Alipenda kupanda milima na kuteleza juu ya theluji. Alipiga piano, alichora picha, alipenda muziki na nguo nzuri. Tunayataja haya kwa sababu yatatusaidia mbele: huyu alikuwa mwanamke aliyependa kuishi.

Alitamani Brazil, akapewa Pietro

Kaka yake, Padre Alberto, alikuwa Mkapuchini na daktari huko Grajaú, Brazil. Gianna alitaka kwenda kumsaidia kuwatibu akina mama maskini. Lakini afya yake haikufaa kwa nchi ya joto kali, na watu waliomwongoza kiroho walimshauri asiende. Ilimchukua muda kukubali. Alisali sana kutafuta wito wake ni upi.

Tarehe 8 Desemba 1954 alikutana na Pietro Molla kwenye Misa ya kwanza ya padre mpya. Pietro alikuwa mhandisi na mmoja wa wakuu wa kiwanda cha viberiti karibu na Magenta. Walifunga ndoa tarehe 24 Septemba 1955, na kaka mwingine wa Gianna, Padre Giuseppe, ndiye aliyeibariki. Bibi arusi alikuwa na umri wa miaka 32, bwana arusi miaka 43. Walikuwa watu wazima waliojua wanachokitaka, na waliyazungumza mapema: nyumba yao iwe ya namna gani, kazi ya mke iendelee vipi, watoto wawapokee vipi.

Pietro aliposafiri kikazi nchi za nje, waliandikiana barua. Barua hizo zimehifadhiwa, na ndani yake hakuna mahubiri marefu. Kuna habari za watoto waliougua, hamu ya kuonana, na mapenzi ya mke na mume wasioona haya kuambiana kwamba wanapendana.

Pierluigi alizaliwa Novemba 1956, Mariolina Desemba 1957, na Laura Julai 1959. Mimba hazikuwa rahisi kwa Gianna. Baada ya Laura, mimba mbili ziliharibika. Hata hivyo yeye na Pietro walitamani mtoto mwingine, na mwaka 1961 alishika mimba tena. Alikuwa anakaribia miaka 39.

Njia tatu

Mimba ikiwa ya mwezi wa pili, madaktari walikuta uvimbe kwenye mji wa mimba, ule ambao wengi wenu mnauita faibroidi. Ilikuwa lazima afanyiwe upasuaji. Hapa, wapendwa, someni polepole, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea hadithi hii.

Kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuondoa uvimbe pamoja na mji wa mimba wote. Mama angekuwa salama zaidi, lakini mtoto angekufa na asingezaa tena. Ya pili ilikuwa kuondoa uvimbe na kuitoa mimba. Mama angeweza kupata mimba nyingine baadaye. Ya tatu ilikuwa kuondoa uvimbe peke yake na kumwacha mtoto aendelee kukua. Njia hii ilikuwa na hatari kwa mama, maana kidonda kipya ndani ya mji wa mimba unaotanuka kila wiki ni jambo la kuogopesha.

Njia ya pili Kanisa halikuikubali wakati ule na haliikubali leo, kwa kuwa ni kumwua mtoto moja kwa moja. Lakini njia ya kwanza ni tofauti. Kiungo kinapokuwa kigonjwa, na matibabu ya kumwokoa mama hayawezi kungoja, daktari anaweza kukiondoa hata kama mtoto atapotea, maana kifo cha mtoto si lengo wala si dawa yenyewe. Papa Pius XII alikuwa ameieleza tofauti hiyo waziwazi mwaka 1951, miaka kumi kabla ya Gianna kuugua. Gianna alikuwa daktari na Mkatoliki aliyesoma. Alijua.

Basi aliweza kuchagua njia ya kwanza bila dhambi. Hakuna padre ambaye angemkataza, na hakuna sheria ya Kanisa iliyomdai aende mbali zaidi. Alichagua ya tatu. Alimwomba daktari wa upasuaji amlinde mtoto, na mnamo Septemba 1961 alifanyiwa upasuaji katika hospitali ya Monza. Uvimbe ulitolewa, mimba ikabaki.

Tazameni pia kile asichokichagua. Hakuchagua kifo. Hakukataa hospitali, wala hakukaa nyumbani akisema maombi yatatosha. Alichagua matibabu ambayo yaliacha mlango wazi kwa wote wawili, mama na mtoto.

Miezi saba ya kungoja

Baada ya upasuaji alirudi nyumbani, kwa watoto wake na kwa wagonjwa wake. Alimngoja mtoto kama mama mwingine yeyote, ila yeye alijua kwa elimu yake mambo ambayo mama mwingine angeyahofia tu. Pietro aliposafiri kwenda Paris kikazi, Gianna alimwagiza majarida ya mitindo ya nguo, ili achague atakazoshona baada ya kujifungua. Mtu aliyeamua kufa hapangi nguo za mwakani.

Lakini hakujidanganya. Siku za kujifungua zilipokaribia, alimwambia mumewe kwa uthabiti kwamba ikibidi kuchagua kati yake na mtoto, wamchague mtoto. Pietro aliijua nia yake na hakumpinga, ingawa moyoni alitumaini kubaki na wote wawili. Mume gani asingetumaini hivyo?

Aliingia hospitali ya Monza siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 20 Aprili 1962. Kesho yake, Jumamosi Kuu, kwa kuwa uzazi wa kawaida haukuwezekana, alipasuliwa na akazaliwa mtoto wa kike mwenye afya, uzito wa kilo nne na nusu. Saa chache baadaye hali ya mama ilibadilika. Uambukizo ulikuwa umeingia tumboni. Aliteseka wiki nzima, wiki ya Pasaka. Dada yake mtawa alifika kutoka India akawa kando yake. Alfajiri ya tarehe 28 Aprili walimrudisha nyumbani kama alivyotaka, na saa mbili asubuhi alifariki katika nyumba yake, watoto wake wakiwa karibu. Alikuwa na miaka 39. Mtoto aliitwa Gianna Emanuela.

Aliyebaki

Watu wakimsifu Gianna, mara nyingi humsahau Pietro. Alibaki na watoto wanne: mkubwa alikuwa na miaka mitano, mdogo alikuwa na wiki moja. Mwaka 1964, miaka miwili hata haijatimia, Mariolina naye alifariki akiwa na miaka sita. Pietro hakuoa tena. Kwa msaada wa jamaa zake aliwalea waliobaki, na Gianna Emanuela akawa daktari kama mama yake.

Tarehe 24 Aprili 1994, katika Mwaka wa Familia, Papa Yohane Paulo II, yule aliyetutembelea Nairobi mwaka 1980, 1985 na 1995, alimtangaza Gianna kuwa Mwenye Heri. Tarehe 16 Mei 2004 alimtangaza Mtakatifu. Muujiza wa kwanza uliokubaliwa kwa maombezi yake ulitokea mwaka 1977 kwa mama aliyejifungua huko Grajaú, katika hospitali iliyojengwa na Padre Alberto, mahali palepale ambapo Gianna alikuwa ametamani kwenda kuwatibu akina mama. Pietro alikuwepo uwanjani Roma akiwa mzee wa miaka 91. Alifariki Jumamosi Kuu ya mwaka 2010.

Swali gumu

Sasa mtatuuliza, na ni haki yenu kuuliza: Je, wale watoto watatu? Je, hawakuwa na haki ya kuwa na mama? Swali hili limeulizwa na watu wengi tangu Gianna alipotangazwa, na wengine ni Wakatoliki wema. Hatutalikwepa.

Jibu la kwanza ni kwamba Gianna hakuwaacha. Alitumaini kupona, na aliuawa na uambukizo, siyo na uvimbe. Jibu la pili ni kwamba yeye mwenyewe alimhesabu aliye tumboni kuwa mtoto wa nne, si mgeni anayengoja kukaribishwa. Lakini jibu la tatu ndilo tunalotaka mlichukue nyumbani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama mwingine mwenye watoto watatu na uvimbe kama ule, ambaye angechagua kuondolewa mji wa mimba ulio mgonjwa ili awalee waliokwisha kuzaliwa, naye asingetenda dhambi. Angelia kwa ajili ya mtoto aliyempoteza, na Kanisa lingelia naye. Utakatifu wa Gianna upo katika upendo uliotolewa kwa hiari. Sadaka ya lazima si sadaka. Ukimlazimisha mwenzako kuitoa, umemnyang'anya.

Kwa waume

Ndugu, usimtaje Mtakatifu Gianna ili umnyamazishe mke wako. Pietro hakufanya hivyo. Hakumwamuru ajitoe, wala hakumwamuru ajiokoe. Alisikiliza, akasimama kando yake, akabeba matokeo kwa miaka 48. Hiyo ndiyo kazi ya mume katika saa kama hiyo. Mwili unaopasuliwa ni wa mkeo, na hata Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inadai idhini ya mgonjwa mwenyewe baada ya kuelezwa. Usikubali mama yako, shangazi zako au kaka zako wakae sebuleni waamue mke wako azae mara ngapi, au kama atakubali upasuaji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba uamuzi juu ya idadi ya watoto ni wa mume na mke wenyewe mbele ya Mungu, kwa dhamiri iliyofundishwa vyema. Haukuutaja ukoo.

Kwa wake

Dada, usinyamaze kuhusu mwili wako. Faibroidi huwapata wanawake wenye asili ya Kiafrika kwa wingi na mapema zaidi kuliko wengine, na wengi huvumilia hedhi nzito na maumivu kwa miaka wakifikiri ndiyo hali ya mwanamke. Nenda kliniki. Ukiwa na mimba na ukaambiwa una uvimbe, usikimbie wala usikate tamaa: siku hizi madaktari kwa kawaida huuangalia tu hadi ujifungue, na mama wengi wa namna hiyo hujifungua salama. Hudhuria kliniki tangu mapema, uliza njia zote zilizopo, na uliza kila njia ina hatari gani kwako na kwa mtoto. Gianna aliamua vizuri kwa sababu alijua. Wewe si daktari, lakini una haki ya kuelezwa mpaka uelewe.

Na kama uliwahi kupitia upasuaji ukampoteza mtoto, usimtazame Gianna kama hakimu. Yeye mwenyewe alipoteza mimba mbili. Mwone kama mama mwenzako.

Zungumzeni kabla ya saa ile

Gianna na Pietro walipata muda wa kuzungumza. Wengi wetu hungoja mpaka muuguzi atoke nje na karatasi mkononi, mke amelazwa hawezi kusema, na mume anapiga simu kwa kila jamaa akiuliza afanye nini. Msingoje hapo. Jioni moja, watoto wakishalala, kaeni wawili mjibizane maswali haya:

1. Je, kila mmoja wetu anajua hali ya afya ya mwenzake, pamoja na yale yaliyompata katika uzazi uliopita?

2. Kama baada ya upasuaji wa kujifungua tumeshauriwa tupumzike kabla ya mimba nyingine, je, tumekubaliana jinsi ya kulitimiza hilo pamoja? Je, tumejifunza njia za asili za kupanga uzazi sisi wote wawili, au tumemwachia mke mzigo huo?

3. Ikitokea hatari wakati wa kujifungua, mke angetaka nini? Je, mume amelisikia kutoka kinywani mwake?

4. Ni mambo gani ya ndoa yetu ambayo tumewaachia jamaa wayaamue?

5. Kama mmoja wetu angebaki peke yake na watoto, nani angemsaidia kuwalea?

Mkimaliza, msisimame kabla hamjaomba pamoja. Si lazima mkubaliane kwa kila swali usiku wa kwanza. Inatosha kila mmoja awe amesema bila kukatizwa, na mwenzake awe amesikia. Sikukuu ya Mtakatifu Gianna ni tarehe 28 Aprili, siku aliyofariki. Mwombeeni kila mama anayeingia chumba cha uzazi usiku huu, na kila mume aliyeketi nje akingoja.